Iliinuka, Haikuruka

Jumatano ya tarehe 20 Novemba 1974, kabla ya saa mbili asubuhi, ndege kubwa ya shirika la Lufthansa la Ujerumani Magharibi ilijipanga kwenye njia ya kurukia ya uwanja wa Embakasi, Nairobi. Ilikuwa Boeing 747, ile iliyozoeleka kwa jina la jumbo, na yenyewe ilikuwa imepewa jina la Hessen. Ilikuwa imetoka Frankfurt, imetua Nairobi, na sasa safari ilikuwa ya kwenda Johannesburg. Ndani walikuwamo watu 157: abiria 140 na wafanyakazi wa ndege 17. Injini zote nne zilikuwa nzima, na nahodha alikuwa mzoefu wa kazi yake.

Ndege ikakimbia, ikashika kasi, ikainua pua, magurudumu yakaachana na lami. Papo hapo marubani wakahisi mtetemo ambao haukuwa wa kawaida. Nahodha akaendelea kupanda na magurudumu yakaanza kukunjwa. Ndege ilifika kama mita 30 juu ya ardhi, ikagoma kuendelea, kisha ikaanza kushuka huku kifaa cha tahadhari kikiutikisa usukani mikononi mwa rubani. Mita 1,120 hivi kupita mwisho wa njia ya kurukia ilipangusa vichaka na majani, ikagonga barabara iliyoinuliwa kwa tuta, ikakatika vipande. Bawa la kushoto likalipuka, na moto ukasambaa hadi walipokaa watu. Abiria 55 na wafanyakazi wanne walikufa. Watu 98 walitoka hai. Tangu magurudumu yalipoachana na lami hadi ndege ilipolala vipande vipande porini, haikupita hata dakika moja.

Aina hiyo ya ndege ilianza kubeba abiria mwaka 1970, na hii ndiyo ilikuwa ajali yake ya kwanza kuua watu. Ilitokea kwetu, kwenye uwanja ambao leo unaitwa Jomo Kenyatta, lakini ukiwauliza vijana wengi wanaopita pale na mabegi yao hawajawahi kuisikia. Inastahili kujulikana, na zaidi ya yote inastahili kufundishwa, kwa sababu ni vigumu kupata mfano ulio wazi kuliko huu wa nini hasa kinaishika ndege angani na nini huiachia.

Mtu akisikia ndege imeanguka muda uleule ilipopaa, mawazo huenda kwanza kwenye injini, halafu kwenye hali ya hewa. Hapa havikuhusika. Uchunguzi ulionyesha kwamba flapu za mbele ya mabawa, zile sehemu zinazokunjuliwa wakati wa kupaa na kutua, hazikuwa zimetoka. Hazikutoka kwa sababu hewa ya kuziendesha haikuzifikia, na hewa haikuzifikia kwa sababu vali za kuipitisha kutoka kwenye injini zilikuwa zimeachwa zimefungwa. Ili tuone jinsi vali chache zilivyoweza kuangusha chombo chenye uzito wa mamia ya tani, hatuna budi kujua ndege huruka kwa nini. Na hapo ndipo wengi wetu tulipofundishwa nusu nusu.

Maelezo yaliyozagaa madarasani na vitabuni ni haya: bawa limebinuka mgongoni na ni bapa tumboni, hewa inayopita juu ina safari ndefu zaidi, hivyo inalazimika kukimbia ili ikutane tena na ile ya chini kwenye ukingo wa nyuma, hewa inayokimbia shinikizo lake hupungua, basi bawa huvutwa juu. Sehemu ya mwisho ni kweli. Hewa ya juu ya bawa huenda kasi zaidi na shinikizo lake ni dogo. Uongo uko kwenye sababu. Hakuna kanuni yoyote ya maumbile inayozidai hewa mbili zilizoachana mbele ya bawa zifike nyuma kwa pamoja. Zikipimwa, ile ya juu huwahi kufika, tena humwacha mwenzake mbali. Na lau mbinuko wa mgongo ungekuwa ndio siri yote, ndege za maonyesho zisingeweza kuruka zimegeuzwa tumbo juu, nazo huruka hivyo kila siku mbele ya macho ya watu.

Bawa huinua ndege kwa kuipinda hewa na kuisukuma chini. Isaac Newton alikwishaeleza mwaka 1687 kwamba kila tendo lina jibu lililo sawa nalo kwa nguvu na kinyume kwa mwelekeo. Bawa likiisukuma hewa chini, hewa hulisukuma bawa juu. Tofauti ya shinikizo kati ya mgongo na tumbo la bawa ndiyo mkono ambao msukumo huo hutumia kuligusa bati. Anayeeleza kwa shinikizo na anayeeleza kwa hewa iliyosukumwa chini wote wanasema jambo moja.

Mabaharia wa pwani yetu waliitumia kanuni hii karne nyingi kabla ya mtu yeyote kufikiria ndege. Jahazi linapokwenda karibu na upepo, tanga halisukumwi kutoka nyuma. Tanga huupinda upepo, na kule kuupinda ndiko kunakovuta chombo mbele. Baharia anajua vilevile kwamba kuna kipimo. Ukiikaza demani, kamba ya kuvutia tanga, kupita kiasi, upepo huacha kuufuata mgongo wa tanga, hubanduka, huvurugika nyuma yake, na jahazi hupoteza mwendo ingawa upepo ni uleule.

Bawa la ndege lina kipimo hichohicho. Kila linapoinamishwa zaidi dhidi ya hewa inayolijia, yaani pua ikiinuka, hewa hupindwa zaidi na nguvu ya kuinua huongezeka. Huongezeka hadi mahali fulani. Kwa bawa la kawaida lisilo na nyongeza yoyote, mahali hapo ni kwenye pembe ya nyuzi 15 hivi. Ukipita hapo, hewa ya mgongoni haiwezi tena kulifuata bawa. Inabanduka, inageuka viwimbi na mizunguko, inaligongagonga bati la nyuma. Nguvu ya kuinua hushuka, na ukinzani wa hewa hupanda ghafla. Mizunguko hiyo ikipiga mwili wa ndege, waliomo ndani huhisi mtetemo. Injini zinaweza kuwa zinanguruma kwa nguvu zake zote wakati hayo yakitokea. Kinachokatika ni mshikamano wa hewa na bawa, na injini haina namna ya kuushika kwa niaba ya bawa.

Sasa tuitazame 747 yenyewe. Bawa lake lilichorwa kwa ajili ya mwendo wa karibu kilomita 900 kwa saa, juu sana ambako hewa ni nyembamba. Kwa kazi hiyo linapaswa kuwa jembamba na lililolazwa nyuma. Kwa mwendo huo ni bawa zuri mno. Kwa mwendo mdogo wa kupaa ni bawa duni, kwa sababu nguvu ya kuinua hufuata mraba wa kasi: kasi ikiwa nusu, nguvu hubaki robo. Bawa la safari likitumika peke yake, ndege nzito ingehitaji kukimbia ardhini kwa kasi ambayo matairi na njia ya kurukia visingeistahimili.

Hivyo wahandisi walilipa bawa hilo umbile la pili, la kutumika wakati wa kupaa na kutua tu. Nyuma kuna flapu zinazotelezea nje na kuinama, zikilipanua bawa na kulipa mbinuko mkubwa. Mbele, chini ya mdomo wa bawa, kuna flapu nyingine ambazo hukunjuka na kuufanya mdomo huo uiname kuelekea hewa inayokuja. Kazi ya zile za mbele ndiyo watu wasiyoijua. Pua ya ndege ikiwa juu, hewa hulijia bawa kutokea chini, na ili ipite mgongoni lazima izunguke mdomo mwembamba wa bawa, kona kali kupita kiasi. Flapu za mbele huilainisha kona hiyo. Hewa huingia taratibu, hushikamana na mgongo, na bawa huweza kuinamishwa zaidi kabla hewa haijabanduka. Flapu za nyuma hufanya kinyume: huongeza nguvu ya kuinua, lakini peke yake huishusha ile pembe ya mwisho badala ya kuipandisha. Zikitoka za nyuma na za mbele zikabaki ndani, rubani anapewa bawa lenye tamaa ya kuinuka na lisilo na uvumilivu.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa Embakasi. Kwenye 747 rubani huvuta wenzo mmoja kuamuru flapu zote, za mbele na za nyuma. Ila nyuma ya wenzo huo kuna mifumo miwili isiyofanana. Flapu za nyuma huendeshwa na mafuta yenye shinikizo. Za mbele huendeshwa na mota zinazozungushwa na hewa iliyobanwa inayochotwa kutoka kwenye injini, na hewa hiyo hupita kwenye vali zinazofunguliwa kutoka meza ya mhandisi wa ndege, aliyekaa nyuma ya marubani wawili. Siku hiyo wenzo ulivutwa. Mafuta yalitii, flapu za nyuma zikatoka kama ilivyotakiwa. Upande wa mbele amri ilifika, lakini hewa ya kuitekeleza haikuwapo. Mtu aliyesimama nyuma ya bawa angeona ndege iliyo tayari. Aliyesimama mbele, kama angejua cha kutazama, angeona mdomo wa bawa ukiwa mwembamba na mtupu.

Na uwanja wenyewe una masharti yake. Embakasi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari. Mita moja ya ujazo ya hewa ya Mombasa ina uzito wa karibu kilo 1.2, ya Embakasi asubuhi ya ubaridi inakaribia kilo 1. Bawa hukosa sehemu ya hewa ya kusukuma, na injini nazo hukosa sehemu ya hewa ya kuvuta, hivyo nguvu zake hupungua. Ndege inapaswa kukimbia kwa kasi ya kweli iliyozidi ile ya Mombasa kwa asilimia nane hivi ili bawa lipate nguvu ileile, na inaifikia kasi hiyo kwa injini zilizopunguziwa pumzi. Ndiyo sababu njia ya kurukia ya Nairobi ina urefu wa mita 4,117. Watu hudhani urefu huo ni fahari. Ni mahitaji.

Kipimo cha kasi mbele ya rubani hakisemi kilomita zinazokimbiwa na magurudumu. Hupima shinikizo la hewa inayokipiga, kwa hiyo ndani ya chumba cha marubani namba za kupaa husomeka karibu sawa Nairobi na Mombasa, na hilo ni jambo jema, maana ndiyo lugha ambayo bawa lenyewe linaielewa. Kabla ya kuondoka marubani hukokotoa kasi zao: kasi ambayo wakiipita hawaruhusiwi tena kusimama, kasi ya kuinua pua, na kasi salama ya kupandia. Hesabu hizo hufuata uzito wa ndege, joto, mwinuko wa uwanja na jinsi flapu zilivyowekwa. Asubuhi ile sindano ilifika pale ilipotarajiwa na rubani akainua pua pale alipotarajiwa kuinua. Kasi ilikuwa sahihi kwa bawa ambalo ndege hiyo haikuwa nalo.

Hapa huja swali ambalo mwanafunzi mwenye akili lazima aliulize: kama bawa halikuwa tayari, magurudumu yaliachaje ardhi? Jibu liko kwenye ardhi yenyewe. Ndege inaporuka, hewa yenye shinikizo kubwa tumboni mwa bawa hutoroka kwenye ncha na kuzungukia juu, na mizunguko hiyo huilipisha ndege kodi kubwa ya ukinzani. Ndege ikiwa karibu sana na ardhi, mizunguko hukosa nafasi ya kukua. Kodi hupungua, na bawa hufanya kazi vizuri kuliko litakavyofanya juu zaidi. Msaada huo huanza kuonekana ndege ikiwa chini kuliko urefu wa mabawa yake kutoka ncha hadi ncha, na huwa mkubwa zaidi kadiri inavyokaribia lami. Mabawa ya 747 ya wakati ule yalikuwa na upana wa karibu mita 60 kutoka ncha hadi ncha. Ndege ilifika mita 30. Kwa maneno mengine, haikuwahi kutoka kwenye hisani ya ardhi. Iliinuliwa na kitu ambacho kingeondoka kadiri ilivyopanda, na ilipojaribu kupanda, ukinzani ulioletwa na hewa iliyoanza kubanduka ukazila nguvu zote za injini. Haikubaki nguvu ya kuongeza kasi wala ya kupandia.

Msomaji ajiweke kwenye kiti cha yule nahodha kabla ya kumhukumu. Usukani unatikisika. Dawa ya hewa iliyobanduka kila rubani anaijua tangu miezi yake ya kwanza ya mafunzo: shusha pua, ongeza nguvu, iache hewa ishike bawa tena. Nguvu zimeshatolewa. Pua ukiishusha ukiwa mita 30, unaielekeza kwenye vichaka. Ukiiacha juu, ndege inazama taratibu ikiwa imeinua kichwa. Kukunja magurudumu nako, ambako kwa siku ya kawaida hupunguza ukinzani, huanza kwa kufungua milango mikubwa tumboni, na kwa sekunde chache ukinzani huongezeka kabla ya kupungua. Hakuna onyo la wazi lililomwambia kwamba tatizo ni flapu za mbele. Alikuwa na sekunde, na sekunde hizo zilitumika kujiuliza mtetemo ule unatoka wapi.

Uchunguzi uliongozwa na Jumuiya ya Afrika Mashariki ya wakati ule, iliyokuja kuvunjika mwaka 1977. Ripoti haikukimbilia kumtupia mtu mmoja mzigo wote. Ilisema marubani walianza kupaa flapu za mbele zikiwa ndani kwa sababu mfumo wa hewa wa kuziendesha haukuwa umewashwa, na kwamba ndege iliacha ardhi hewa ikiwa imeanza kubanduka bawani, hali ambayo marubani hawakuweza kuitambua kwa muda waliokuwa nao. Kisha ikataja mambo mawili yaliyochangia kwa uzito: kukosekana kwa onyo la kutosha kuhusu hali ya flapu za mbele, na wafanyakazi wa ndege kutoikamilisha ipasavyo orodha yao ya ukaguzi. Naiheshimu ripoti hiyo kwa kuyaweka mawili hayo pamoja. Ingekuwa rahisi kuandika kwamba mhandisi alisahau, na faili likafungwa.

Kwa sababu lipo jambo linalouma zaidi ya vali. Kabla ya Nairobi, kosa hilihili lilikuwa limeripotiwa mara mbili kwenye ndege za 747. Mara zote mbili marubani waliwahi kujinasua, ndege ikabaki angani, watu wakafika salama. Tukio lisilo na maiti husomwa upesi na kuwekwa kabatini. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa ufa ulionekana na waliokuwa na uwezo wa kuuziba, mara mbili, wakiwa na muda. Baada ya watu 59 kufa, Boeing iliongeza mfumo wa kuwaonya marubani kabla ya kupaa kama flapu za mbele hazijatoka. Waya na taa za kufanyia kazi hiyo zilikuwapo duniani tangu zamani.

Mhandisi wa ndege alishtakiwa. Mwaka 1981 mahakama ilimwachia huru.

Laiti habari ingeishia hapo. Tarehe 16 Agosti 1987, mjini Detroit, Marekani, ndege ya shirika la Northwest aina ya MD-82 ilijaribu kupaa ikiwa na flapu za nyuma na vibamba vya mbele vyote ndani. Marubani hawakuwa wameisoma orodha ya ukaguzi wa wakati wa kuelekea njia ya kurukia. King'ora cha kuonya, kilichowekwa kwa ajili ya siku kama hiyo, hakikupata umeme na hakikulia. Watu 156 walikufa, wawili kati yao wakiwa barabarani na shughuli zao. Ndani ya ndege alipona mtoto mmoja wa kike wa miaka minne.

Miaka 21 baadaye, tarehe 20 Agosti 2008, ikawa zamu ya Madrid, Hispania. Ndege ya Spanair, nayo MD-82, ilikuwa imekwisha kuingia njiani mara ya kwanza ikarudi kwa sababu ya hitilafu ya kipimo cha joto. Mafundi wakashughulika, muda ukayoyoma, joto la mchana likapanda, abiria wakasubiri. Walipotoka tena, rubani msaidizi aliyataja mambo ya mwisho ya ukaguzi kwa sauti. Kwenye flapu alitaja namba 11, ndiyo iliyotakiwa. Flapu zilikuwa sifuri. King'ora hakikulia. Kati ya watu 172 waliokuwamo, 154 walikufa.

Ile namba 11 ndiyo inayonifanya niandike makala haya. Kinasa sauti kiliihifadhi: sauti ya mtu aliyefunzwa, katika kazi anayoijua, akisema jibu sahihi kuhusu kitu ambacho hakikuwapo. Hakudanganya. Alikuwa ameyasema maneno hayo mamia ya mara, na kila mara yalikuwa kweli, hadi ulimi ukazoea kutangulia jicho. Orodha ya ukaguzi ilibuniwa ili jicho lilazimishwe kwenda mahali ambapo akili inadhani tayari imefika. Ikigeuzwa kuwa kiitikio, haikagui chochote. Hewa ya Madrid, kama ya Embakasi, ililikuta bawa jinsi lilivyokuwa, na ikafanya kwa bawa hilo kile ambacho hewa hufanya.

Nawaomba walimu wa fizikia wa shule zetu mambo mawili. Kwanza, acheni kuwafundisha watoto kwamba hewa ya juu na ya chini ya bawa hushindana kufika pamoja. Mtoto aliyefunzwa hivyo hawezi kuieleza ajali ya Embakasi hata kidogo: bawa lilikuwa na mgongo wake, kasi ilikuwapo, injini zilivuma, na kwa hesabu yake ndege ilipaswa kupanda. Mfundisheni habari ya pembe na ya hewa kubanduka. Karatasi ngumu iliyopindwa na feni ya mezani vinatosha kuonyesha. Bandika uzi mwepesi juu ya mgongo wa karatasi hiyo, iinamishe karatasi kidogo kidogo, na darasa zima litaona uzi ulivyolala kwa utulivu, kisha kwenye pembe fulani ukaanza kurukaruka na kugeukia mbele. Hicho ndicho kilichotokea juu ya mgongo wa bawa la Hessen. Pili, wapeni kisa chenyewe, na tarehe yake na mahali pake, kwa sababu kilitokea karibu na nyumbani.

Na wewe kijana uliyeko kwenye mafunzo ya urubani au ufundi wa ndege, iwe uwanja wa Wilson pale Nairobi au Soroti, Uganda, kwenye chuo kilichoanzishwa na Jumuiya ileile iliyochunguza ajali hii: itafute ripoti ya Embakasi uisome yote. Kisha siku utakapoulizwa kuhusu flapu kabla ya kupaa, geuza kichwa, tazama kipimo, soma kilichoandikwa pale, ndipo ujibu. Mwenzako akijibu kabla hajatazama, mwambie arudie, hata akiwa nahodha, hata mkiwa mmechelewa.